Mwambie Muthoni Akanyage

Fundi wangu wa breki hakuwahi kunisalimia mimi kwanza. Alisalimia gurudumu. Nikiingia na pikapu pale kwa mafundi nyuma ya soko la Meru mjini, aliacha alichokuwa akifanya, akaja na hatua zake za mtu aliyelala vibaya, akainama, akaweka kiganja kwenye rimu ya nyuma. Rimu ikiwa moto, aliguna. Ikiwa baridi, pia aliguna. Ndipo aligeuka akasema, "Mama Kendi, huko Ruiri mmeamkaje," na mkono bado uko kwa gurudumu, kama daktari ambaye hajamalizana na mgonjwa.

Jina lake sitalitaja. Sijalisahau, kichwa changu bado ni kizima. Kuna sababu, na nitaifikia. Kwa sasa ni fundi tu, vile sisi sote tulimwita.

Wajukuu wangu wananiona nimechoka, wanasema ni uzee. Uzee gani? Nimechoka kwa sababu ya ile barabara. Nilianza kushuka na kupanda mabonde ya kutoka Meru kwenda Embu kabla hayajawekwa lami, na vitunguu mgongoni mwa pikapu, na mguu wangu wa kulia ukiomba Mungu. Mume wangu alipokufa aliniachia shamba la vitunguu Ruiri, watoto, na pikapu iliyokuwa imezeeka kuliko yeye. Shemeji zangu walikuja kabla udongo wa kaburi haujakauka. Walisema mwanamke hawezi kushuka Embu na gari kama ile, atajiua na mzigo uoze bondeni, afadhali iuzwe. Nikawaambia nitashuka. Nilifundishwa kuendesha na dereva wa kanisa kwenye kiwanja cha shule, mpaka mbuzi wa kijiji kizima wakanijua. Shule yenyewe niliiacha kabla haijaniingia, lakini gia nilizishika upesi.

Kilichobaki ni breki. Anayeijua barabara ile anajua ni bonde, mto, mlima, halafu bonde tena. Kupanda si kitu, gari ikishindwa kupanda inasimama tu na wewe unashuka unatukana. Kuteremka na mzigo ndiko kunakoua. Breki ikinikosa siku moja tu, ama nife, ama nipone na shemeji zangu waje na mnunuzi. Kati yangu na hayo mawili alikuwa amesimama mtu mmoja mwenye ovaroli iliyokauka kwa oili. Mimi nilijua, yeye alijua, na alinitesa kwa kujua kwake.

Kwa sababu alikuwa na majivuno, huyo mtu, msidanganyike. Fundi wa injini alimwita mpiga kelele. Wa rangi alimwita mpakaji poda. "Hao wanafanya gari iende," alisema. "Hata upepo unafanya kitu kiende. Mimi nafanya isimame." Na alisema kwa sauti, wenzake wasikie.

Magari ya siku hizi sijui yana nini ndani. Yale ya zamani yana ngoma. Ndani ya gurudumu kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimepigiliwa ngozi ngumu mgongoni. Ukikanyaga, viatu vinapanuka, vinasugua ngoma, gari inasimama. Ngozi ikiisha, ni chuma kwa chuma, na utaisikia hata ukiwa kanisani.

Watu wanadhani vile viatu viwili ni mapacha. Mimi pia nilidhani, mpaka siku aliyovitoa vyote akavipanga juu ya gunia na kuniita nione.

"Huyu wa mbele ana ngozi fupi. Huyu ni baba. Huyu wa nyuma ana ngozi ndefu. Huyu ni mama. Gari ikienda mbele, baba ndiye anagusa ngoma kwanza. Anapiga kelele, anamsukuma mama. Mama ndiye anazuia gari."

"Na ukiwabadilisha?"

"Ukimweka baba mahali pa mama, gari itasimama vizuri hapa sokoni. Huko bondeni itakuuliza ulikuwa unafikiria nini."

Pale mlangoni kulikuwa na mama mmoja aliyeuza ndizi, mnene, mwenye mdomo usiolala. Sote tulimwita Mama Ndizi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Fundi! Bibi yako yuko Manyatta anabeba shamba peke yake, wewe uko hapa Meru unapiga kelele. Kumbe unajua mambo yako!"

Fundi alimrushia kitambaa chenye grisi. Mama Ndizi alikidaka, akafuta nacho mizani yake, akaendelea kucheka. Hiyo ya bibi ilikuwa kweli. Nyumbani kwake kulikuwa Manyatta, karibu na Embu, na Meru alipanga chumba kimoja miaka yote. Kwake alienda Krismasi, Pasaka, na mtu akifa.

Namna yake ya kufanya kazi ilichosha macho. Alifungua upande mmoja, ule mwingine akauacha umefungwa hivyo hivyo mpaka amalize. Nikamwuliza kwa nini asifungue yote mara moja tuondoke. "Nikisahau springi inakaa wapi, namwuliza nani? Wewe? Nitaenda nimwulize mwenzake wa upande ule." Hakuona aibu kusema anaweza kusahau. Alichukua kile kiatu cha zamani, akakinusa. Alikipeleka puani kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamelala. Oili ya breki ina harufu yake, oili ya ekseli ina yake, na kwa pua tu alijua ni wapi panavuja. Ngozi iliyolowa hakuikubali hata ikiwa mpya, hata uisugue kwa petroli. Alipiga ngozi mpya kwa ribiti za shaba, akaanza katikati akaenda pembeni, kwa sababu ukianza pembeni ngozi inavimba tumbo. Akapitisha msasa kwenye ncha. Grisi aliiweka kwa kidole mahali chuma kinakutana na chuma, kidogo, kama unavyompaka mtoto mafuta midomoni. Mwisho alizungusha gurudumu kwa mkono huku ameinamisha kichwa, akakaza, akazungusha tena, mpaka likasema "shhh" kidogo tu. Likisema sana alilegeza. Lisiposema alikaza.

Na hakutengeneza upande mmoja. Siku moja dereva wa miraa alikuja kutoka Maua, amefunga breki hapo mlangoni mpaka vumbi likaingia kwa ndizi.

"Mzee, niwekee viatu vya kulia tu. Vya kushoto viko sawa."

"Wewe huvaa kiatu mguu mmoja?"

"Mzee, usinicheze. Maua wananingoja na mzigo. Miraa ikinyauka ni mimi natukanwa."

"Kaibebe kichwani."

"Haki ya Mungu, huyu mzee..."

"Sikiliza. Nikikupa mpya kulia na za zamani kushoto, ukikanyaga kwa nguvu, kulia itashika, kushoto itateleza, na gari itageuka kuangalia nani anakuja nyuma. Na anayekuja nyuma ni lori. Kaa hapo."

Yule kijana alipiga gurudumu teke, akazunguka, akarudi, akakaa. Fundi alifanya pande zote mbili bila haraka hata kidogo, naamini alipunguza mwendo makusudi. Alipomaliza alinyoosha mkono na kuomba vijiti viwili vitatu vya kutafuna. Mzee wa kanisa! Jumapili alisimama mbele akikemea vijana na miraa, Jumatatu shavu limevimba. Ukimwambia, alisema kanisa liko na siku yake na meno nayo yana siku yake.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake hivyo. Alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Aliisimamisha kwa kuburuta akala, ile ndala ya tairi, mpaka kisigino kikawa kimelika upande. Spana hakumwazima mtu, hata fundi mwenzake aliyelala chini ya gari na mikono miwili imeshika kitu kizito. Lakini mimi nilipokwama Chuka siku ya mvua, alituma kwa basi mfuko mzima wa vifaa vyake, na kikaratasi cha sigara kimechorwa picha ya springi, kwa fundi asiyemjua, ili nisilale njiani. Vifaa viliporudi alivihesabu mbele yangu akitafuta kosa.

Sasa nifikie ile sababu.

Kazi ya breki haiishi na viatu. Ukifungua bomba la oili, hewa inaingia, na hewa ikikaa mle ndani, pedali inakuwa laini kama uji. Lazima itolewe, na kuitoa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwa usukani, mwingine analala chini penye gurudumu na kufungua kinati kidogo. Wa juu anakanyaga, wa chini anafungua hewa inatoka, wa juu anashikilia, wa chini anafunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla hajafunga, bomba linavuta hewa tena na mmefanya kazi bure. Kwa hiyo wa chini ndiye anaamuru.

Miaka yote aliniamuru mimi. "Kanyaga! Shika! Shika, nimesema, unakimbilia wapi? Achia!" Mimi ambaye wanaume Ruiri waliogopa kunipita njiani bila kusalimu, nilikanyaga na kuachia nikiambiwa na mtu ambaye niliona miguu yake tu. Na sikukasirika. Ilikuwa kama kucheza ngoma na mtu anayejua hatua.

Halafu Kendi, binti yangu wa kwanza, akaolewa. Alikuwa anauza nguo Embu mjini, mimi nikishusha vitunguu ananisaidia. Akaniambia amepata mtu wa Manyatta, mwalimu, mpole. Tukauliza ni wa nyumba gani. Alikuwa mtoto wa fundi wangu. Wazee wakakaa, mbuzi wakaletwa, kila mtu akafurahi. Mimi pia nilifurahi, mpaka siku niliyohitaji breki.

Kwetu Meru, na kwa Waembu pia, kuna nthoni. Ni heshima na haya na hofu vikipikwa sufuria moja. Aliyekuwa mtu tu anakuwa muthoni, mkwe. Muthoni humtaji jina. Humwamuru. Hulali chini mbele yake, wala humruki miguu, wala humshiki. Wengine watasema ya wazazi kwa wazazi ni nyepesi, nzito ni ya mama mkwe na mume wa binti yake. Labda kwao. Fundi aliishika yote kwa mikono miwili. Siku niliyoingia na pikapu baada ya harusi, kwa mara ya kwanza alinisalimia mimi kabla ya gurudumu. Alivua kofia. Nilijua hapo hapo tumeharibikiwa.

Alifunga viatu vizuri kama kawaida. Bomba moja lilikuwa limepasuka, akaweka jipya. Ikabaki kutoa hewa. Nikapanda, nikakaa kwa usukani. Nikamsikia akilala chini taratibu, amegeuza uso upande ule mwingine. Kumwambia muthoni "kanyaga" hakuweza. Mimi nami kumwuliza muthoni aliyelala chini ya miguu yangu, "Nikanyage?" sikuweza. Basi nikakanyaga nilipofikiri anataka. Yeye akafungua alipofikiri nimekanyaga. Tukaendelea hivyo, kila mtu anakisia adabu ya mwenzake. Mwisho akasimama, akafuta mikono, akaliambia gurudumu, "Nafikiri iko sawa." Nikaliambia usukani, "Asante."

Sikufika mbali. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni, hapo hapo mjini, nilikanyaga na pedali ikazama kama mguu kwenye tope. Nikapampu, hakuna. Nikavuta hendibreki, ikacheka. Nikarudisha gia mpaka injini ikapiga yowe, nikaona rundo la maranda mbele ya wapasua mbao, nikaelekeza pua huko. Pikapu ikaingia mpaka milango. Vitunguu vikatangulia vyenyewe mtoni. Wapasua mbao walipoona niko hai wakaanza kucheka, na mimi nikatoka na maranda kwa nywele nikawatukana mmoja mmoja.

Jioni ile trekta ilipoivuta pikapu mpaka nyumbani, Ruiri ilikuwa imejua. Shemeji yangu mkubwa alikuja kunipa pole na mtu mwingine ambaye alizunguka pikapu akigonga bodi kwa kidole. Mnunuzi. "Umejaribu, mke wa ndugu yangu," shemeji akasema kwa sauti ya matanga. "Hakuna atakayekulaumu ukipumzika." Nikamwambia gari itashuka Embu soko linalofuata, na kama anapenda aje aketi mbele na mimi aone.

Nilirudi kwa fundi kwa kuvutwa na trekta. Alikuwa amekwishasikia. Hakuvua kofia safari hii, alikuwa ameishika mkononi tangu asubuhi, nafikiri. Alisimama upande ule wa pikapu, mimi upande huu, na hakuna aliyepata neno.

Mama Ndizi ndiye alilipata. Aliacha mizani yake, akaja akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Nyinyi wawili mtauana kwa adabu. Fundi, mimi ni muthoni wako?"

"La."

"Mama Kendi, mimi nimewahi kuoza mtoto kwako?"

"Bado," nikasema.

"Haya basi. Fundi, lala chini. Mama, panda juu. Ile takataka yenu ya maneno ipitie kwangu."

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku ile. Fundi alilala chini, mimi nikakaa juu nikitazama mbele, na Mama Ndizi akasimama penye mlango.

"Mwambie muthoni akanyage," sauti ikatoka chini.

"Muthoni, kanyaga!"

"Mwambie ashike."

"Shika! Anasema ushike kama mtu aliyekula."

"Sijasema hivyo!"

"Hajasema hivyo, nimeongeza."

"Mwambie aachie."

Hapo mteja akaita anataka ndizi. Mama Ndizi akageuka: "Subiri, nimeshika gari!" Na mimi nikabaki nimekanyaga, sijaambiwa niachie, naye chini akinong'ona, "Mama Ndizi... Mama Ndizi, tafadhali... muthoni ataumia mguu," mpaka mafundi wote wakaja kutazama. Ilikuwa aibu kubwa. Lakini hewa ilitoka yote. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

Shemeji alikuja kweli siku ya soko. Alikaa mbele na mimi, amevaa kofia yake nzuri. Bonde la kwanza nikashuka polepole. La pili, nikaiacha ikimbie zaidi kidogo ya inavyofaa, nikamwona anashika mlango, halafu nikakanyaga. Kofia ilitoka kichwani ikapiga kioo ikaanguka kwa magoti yake. Gari haikuyumba kulia wala kushoto. "Hiyo ni baba na mama," nikamwambia. Hakuelewa, na sikumweleza. Mnunuzi sikumwona tena.

Miaka ilikwenda hivyo. Watatu pale, na maneno yetu yakizunguka kwa mama wa ndizi. Kendi alizaa, akazaa tena. Fundi nami tulikuwa na wajukuu wale wale na hatukuwahi kuzungumza juu yao ila kupitia mtu. "Mwambie muthoni yule mdogo ana jino." "Mwambie muthoni nimesikia." Mtu asiyejua angedhani tumekosana. Hatukuwahi kukosana hata siku moja, na nimekosana na watu wengi.

Lakini kifua chake kilianza kulia. Ukitoa ngoma ya zamani, ndani kuna vumbi jeusi, laini kama unga, ni ile ngozi iliyosagika. Aliwaonya wengine wamwage maji kwanza. Yeye aliliinamia akalipuliza kwa mdomo, puu, kila gurudumu, miaka yote, macho amefumba. Nilimwambia kupitia Mama Ndizi aache. Jibu likarudi kwamba maji yanaleta kutu. Akaanza kukohoa akiinama, halafu akikaa, halafu akicheka. Hospitali walimwambia ni kifua, kana kwamba hakujua ni kifua. Ikawa analala chini ya gari moja, anakaa asubuhi nzima kwa kiti akitafuta pumzi. Wateja wakahamia kwa mafundi walio na pumzi. Mimi sikuhama.

Mara ya mwisho niliyoenda kwake, gurudumu la nyuma lilikuwa limeanza kukwaruza kwenye mlima wa Nkubu. Nilimkuta kwenye kiti, amevaa koti na jua linawaka. Alisalimia, akanyoosha mkono kwa rimu, hakuifikia. Akamwita Mama Ndizi, ambaye naye sasa alitembea na fimbo.

"Mwambie muthoni siwezi kulala chini. Nikilala siamki."

"Amesikia, yuko hapa, si kiziwi."

"Mwambie atafute mtu mwingine."

Niliwatazama wale mafundi wengine. Wako wazuri, sisemi. Lakini nilikuwa na mzigo, na barabara ilikuwa ile ile, na sikuwa na nguvu ya kuanza kumwamini mtu mpya. Umri ule kuamini mtu mpya ni kazi kubwa kuliko kulima. Nikavua viatu vyangu, nikafunga leso kiunoni. "Mwambie muthoni nitafanya mwenyewe. Yeye akae aseme."

Halafu nikasikia kile kikohozi chake cha kucheka.

Mama Ndizi alizungusha leso nyingine kama pazia, ili muthoni asinione nimekaa chini miguu imetanuka kama mtoto. Nilifungua ngoma kwa nyundo, nikamwaga maji mimi, sikupuliza. Nilitoa springi, moja ikaruka ikaingia kwa ndizi.

"Mwambie muthoni hiyo ni springi, si pini ya nywele."

"Mwambie muthoni mkono ni wangu."

"Mwambie asiguse ngozi na hiyo grisi! Mwambie anawe!"

"Jamani, semeni polepole, mimi ni mmoja!"

Baba mbele, mama nyuma. Kabla ya kuvifunga nilivipitisha viatu chini ya pazia avinuse. Vikarudi. Nilikaza, nikazungusha, sikusikia kitu, masikio yangu yamezeeka. "Bado," akasema kwa kiti chake. Nikakaza. "Bado." Nikakaza. "Hapo." Upande ule mwingine pia nikafanya, maana asingekubali mmoja. Nilipoinuka mgongo ulikuwa umevunjika vipande viwili, na kucha nyeusi, na nilijivuna sana.

Nilipokuwa nanawa, Mama Ndizi alikuja peke yake. "Anasema ukishuka Embu kesho, kama kuna nafasi, umfikishe Manyatta. Anaenda na godoro."

Nilielewa. Haendi Krismasi.

"Si apande basi? Halitamchosha sana."

"Hapandi. Hata akipanda hakai na amani. Mimi nimesafiri naye Pasaka moja. Macho wazi kama bundi njia nzima, kila bonde anasukuma mguu chini kama yeye ndiye dereva. Anasema hajui viatu vya basi vilifungwa na nani."

"Na vyangu?"

Mama Ndizi akanitazama mikono. "Hilo nami nimemwuliza. Amekataa kunijibu."

Asubuhi alikuja amevaa suti yake ya kanisa. Tuliweka godoro na sanduku la spana juu ya vitunguu. Alikaa mbele, ameegemea mlango kabisa, na kati yetu tuliweka mkungu wa ndizi aliotupa Mama Ndizi, ili kuwe na kitu katikati. Bonde la kwanza nilisikia akala yake ikisukuma sakafu. Nikakanyaga, gari ikatii. La pili, akala ikasukuma tena. Nilishuka kama ninabeba mayai, nikikumbuka kila springi niliyogusa, kama niliipindua, kama ile ya kulia ilikaa vizuri kwenye tundu. Tulipita Chuka. Bonde baada ya hapo ni refu. Nilingoja akala. Haikusukuma.

Nilisikia pumzi yake, nzito, yenye filimbi ndani, ikipanda na kushuka bila haraka. Amelala. Sikumtazama. Haifai kumtazama muthoni akiwa amelala mdomo wazi. Niliweka macho barabarani, nikashuka lile bonde na lililofuata na lililofuata, na maji yakanitoka machoni na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Kwao Manyatta lango liko penye mteremko, na chini yake ni kahawa. Nilisimama, nikazima injini. Hendibreki ya ile pikapu ilikuwa ya mapambo tu, na gia peke yake haikuweza kuishika na mzigo, kwa hiyo mguu nikauacha kwa pedali. Yeye akaendelea kulala. Kumwita kwa jina siwezi. Kumshika bega siwezi. Kumpigia muthoni honi mlangoni kwake, afadhali nife. Basi nikakaa. Jua likaingia kwa kioo. Mguu ukaanza kufa ganzi kutoka kidole, ukaja kwa goti, halafu ukaanza kutetemeka wenyewe, nikaushika kwa mikono yote miwili nikaukandamiza pale pale.

Kendi alitokea shambani na jembe begani. Akaona pikapu, akaanza kupaza sauti. Nikamnyamazisha kwa kidole. Akaja dirishani kwangu, akamwona baba mkwe wake, akainamisha macho haraka. Akaniona mguu.

"Mama," akanong'ona, "nilete jiwe la gurudumu?"

"Lete," nikamwambia. "Lete kubwa."